Dawa za Maradhi ya Hisia Zisikatizwe Mgonjwa Apatapo Nafuu

(Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Matombo, Mkoa wa Morogoro)



Yapo maradhi ya hisia ambayo huja, huondoka, kisha hurejea. Safari moja mgonjwa huzama katika sonona. Safari nyingine huchangamka kupita kiasi, halali, hutapanya mali. Baina ya vipindi hivyo huwa mzima na hulima shamba lake kama jirani zake. Ni wakati huo wa uzima ambapo wengi huacha dawa, na hatari huanzia hapo.

Huko Zurich, Uswisi, wagonjwa 406 waliolazwa hospitali kati ya mwaka 1959 na 1963 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 30. Waliotumia dawa kwa muda mrefu walijiua kwa uchache kuliko wasiotumia, ijapokuwa maradhi yao yalikuwa makali zaidi. Miongoni mwa dawa hizo, lithiamu ndiyo yenye ushahidi mkubwa wa kuzuia vifo hivyo. Ikikatizwa ghafla, maradhi huweza kurejea upesi, na hatari ya kujiua huongezeka.

Hata hivyo, lithiamu yahitaji uangalizi. Damu hupimwa ili kujua kiasi cha dawa pamoja na hali ya figo na tezi ya shingo. Mgonjwa anayeharisha, anayetapika, anayetetemeka sana au kupepesuka apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Diklofenaki, inunuliwayo dukani kwa maumivu ya mgongo, huweza kuongeza lithiamu mwilini. Isitumiwe bila ushauri wa daktari.

Mkoa wa Morogoro si mgeni wa jambo hili. Katika miaka ya 1980, pamoja na Kilimanjaro, ulikuwa mkoa wa majaribio wa mpango wa Taifa wa kusogeza matibabu ya akili karibu na wananchi. Kazi iliyobaki ni ya kila kaya: dawa zifuatwe kabla hazijaisha, hasa masika yanapokaribia na njia za milimani kuharibika. Kwa kuwa ukoo wa Waluguru hufuata upande wa mama, mjomba naye aijue tarehe ya kliniki.

Wakuu wa idara nao wanaombwa kuwapa watumishi wagonjwa ruhusa ya kuhudhuria kliniki na kuwatunzia siri. Mgonjwa anayetaka kupunguza au kuacha dawa azungumze kwanza na daktari. Anayetamka habari za kujiua asiachwe peke yake. Afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.