Inveta Kubwa na Taa Ndogo



Katika shule na zahanati zinazotegemea umeme wa jua, taa zinapozimika kabla ya alfajiri lawama huelekezwa kwa betri au paneli. Ni nadra mtu kuulizia inveta, ingawa huenda ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote.

Kazi ya inveta ni kuuchukua umeme wa betri, uendao upande mmoja, na kuugeuza uwe wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde kama ule wa gridi. Kazi hiyo hufanywa na transista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara umeme kidogo hupotea kuwa joto. Hata taa zote zikizimwa, mitambo ya ndani huendelea kula.

Ichukuliwe shule yenye paneli ya wati 200 na jua kali la saa 5 kwa siku. Mavuno yake hayazidi wati-saa 1,000. Ikifungiwa inveta ya wati 3,000 inayokula wati 30 bila mzigo wowote, kwa saa 24 inveta hiyo peke yake itameza wati-saa 720. Zinazobaki, 280, ndizo za wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani. Karatasi ya kiwandani itasema ufanisi ni asilimia 93, wala haisemi uongo. Ila kipimo hicho hupatikana mzigo ukiwa wa kutosha. Taa 4 za wati 10 si mzigo kwa mtambo wa namna hiyo. Kununua kikubwa kwa sababu tu ni kikubwa ni maradhi ya zamani ya maofisi.

Volti za betri nazo zina uzito. Wati 1,200 kutoka betri ya volti 12 huhitaji ampea 100; kutoka volti 48, ampea 25 tu, na waya ule ule hupoteza sehemu 1 ya 16 ya joto la awali.

Wabunifu wameweka hali ya kusinzia, ambapo inveta huamka ikihisi mzigo, lakini taa ndogo huenda isitambuliwe.

Basi afisa anayeandaa zabuni hana budi kudai kwa maandishi: inveta hula wati ngapi bila mzigo, na ufanisi wake ni upi kwenye sehemu 1 ya 10 ya uwezo wake? Na penye taa tu, taa za volti 12 zaweza kufungwa kwenye betri kupitia kidhibiti chake, inveta ikawashwa saa ya kompyuta peke yake.