Mbolea na Baridi ya Mzabibu

Wengi wetu tumeusoma mzabibu katika Maandiko bila kuuona shambani. Leo twendeni hadi jimbo la New York, Marekani, kwenye mashamba yaliyo kando ya maziwa yaitwayo Finger Lakes. Huko usiku mwingine wa baridi hufikia nyuzi 20 chini ya sifuri, na mzabibu lazima ukabiliane nao ukiwa umesimama pale pale, bila jani hata moja.

Matayarisho huanza wakati wa joto. Kuanzia Agosti hivi, matawi mabichi hugeuka rangi ya kahawia na kukomaa, kuanzia shinani kuelekea nchani. Majani nayo hutengeneza sukari, ambayo huwekwa akiba katika mti na mizizi. Akiba hiyo ni sehemu ya kinga yake.

Sasa yuko mkulima aupendaye mzabibu wake kupita kiasi. Agosti anauona umetulia, anadhani una njaa, anaumwagia mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi. Mzabibu unachangamka! Matawi yanarefuka, majirani wanasifu. Lakini tawi linaloendelea kurefuka huchelewa kukomaa, na baridi ikilikuta lingali laini, hulifisha.

Hata hivyo tusiigeuze mbolea kuwa adui. Mzabibu wenye njaa nao huingia katika baridi bila akiba, hasa ukiwa umebebeshwa matunda kupita nguvu zake. Mkulima mwangalifu hupima udongo na majani kwanza, kisha hutia naitrojeni kwa kiasi, karibu na wakati wa maua, mwezi wa Juni. Wengine hupenda kuongeza potasi wakidhani inazuia baridi; sisi tunaona ni fedha za bure, isipokuwa mzabibu umepungukiwa nayo.

Kila jicho la mzabibu lina machipukizi matatu ndani. La kwanza, lizaalo zaidi, ndilo hufa upesi kwa baridi. Kwa hiyo baada ya usiku mkali wa Januari, kabla ya kupogoa, mkulima hukata macho kadhaa kwa wembe na kutazama. Likiwa kijani, li hai. Likiwa jeusi, limekufa. Akikuta mengi yamekufa, hupogoa kidogo tu, aache macho mengi zaidi, ili wakati wa mavuno asirudi na kikapu kitupu.