Mbio za Watu Wawili

Asubuhi hii tutafakari pamoja habari iliyo katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 12, mistari miwili ya kwanza. Huko maisha ya mwamini yanafananishwa na mbio ndefu, ambazo hutaka saburi kuliko nguvu.

Sisi wa Kenya hatuhitaji kufundishwa mbio ni kitu gani. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein alishinda mbio za marathoni za Boston, huko Marekani, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Tangu hapo Wakenya wengi wamezishinda, na watoto wetu huyajua majina yao. Lakini leo tungependa kuwaeleza habari za baba na mwanawe waliokimbia pamoja katika mbio hizo hizo za Boston zaidi ya mara 30, wala hawakuzishinda hata mara moja.

Baba aliitwa Dick Hoyt, naye alikuwa mwanajeshi. Mwanawe Rick alizaliwa mwaka 1962. Wakati wa kuzaliwa, kamba ya kitovu ilimzonga shingoni, hewa ikapungua katika ubongo, na kwa sababu hiyo hakuweza kamwe kutembea wala kusema. Wazazi wake walishauriwa wampeleke akatunzwe mbali na nyumbani, maana, waliambiwa, hakuna tumaini. Dick na mkewe Judy walikataa. Waliona jinsi macho ya mtoto yalivyowafuata chumbani, wakajua ya kuwa alikuwa akiwaelewa.

Mwaka 1972 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Tufts walimtengenezea kompyuta ya kumwezesha kuchagua herufi kwa kusogeza kichwa chake. Watu wakangoja, wakitazamia kwamba neno lake la kwanza litakuwa la kumsalimu baba au mama. Kumbe kijana aliishangilia timu ya Boston ya hoki ya barafuni! Siku zote alikuwa akifuatia michezo kama vijana wengine, ila hakuna aliyeweza kumsikia.

Mwaka 1977 Rick alisikia habari za mbio za maili 5, yaani kama kilometa 8, zilizoandaliwa ili kumsaidia mwanamichezo kijana aliyekuwa amepooza baada ya ajali. Alimwambia baba yake kwamba anataka kushiriki. Dick hakuwa mkimbiaji. Hata hivyo alishika kiti cha magurudumu, akamsukuma mwanawe mpaka mwisho, wakamaliza wakiwa wa pili kutoka nyuma. Jioni ile Rick alimweleza baba yake ya kuwa wanapokimbia pamoja, yeye huona kana kwamba hana ulemavu tena.

Neno hilo ndilo lililomfanya baba kuwa mkimbiaji. Rick alipokuwa shuleni, Dick alitia mfuko wa saruji ndani ya kiti, akakimbia nao ili azoee uzito. Mwaka 1992 walivuka Marekani nzima kutoka pwani hata pwani, kwa baiskeli na kwa miguu, katika siku 45. Mwaka 1993 Rick alihitimu katika Chuo Kikuu cha Boston. Mwaka 2013 walikusudia kukimbia Boston kwa mara ya mwisho, lakini mabomu yalilipuka karibu na mstari wa mwisho, nao wakazuiwa njiani kabla ya kufika. Basi walirudi mwaka 2014, baba akiwa na umri wa miaka 73, wakamaliza.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 2003 Dick alipatwa na shtuko la moyo. Madaktari walimwambia kwamba kama asingekuwa mkimbiaji, angalikuwa amekwisha kufa miaka mingi nyuma. Aliishi mpaka mwaka 2021, akafa akiwa na miaka 80, na Rick akamfuata mwaka 2023. Basi, ndugu zetu, ni nani aliyemsukuma mwenziwe?

Wasikilizaji wapenzi, tazameni tena mstari ule wa kwanza. Mwandishi hasemi "mimi", wala hasemi "wewe." Anasema juu yetu sote pamoja. Lakini sisi tumejifunza kukimbia kila mtu peke yake. Tunakimbilia shule nzuri, kazi ya mjini, nyumba ya mawe, na tukifika tunamshukuru Mungu kwa sauti kuu. Mara chache tunageuka kutazama ni nani wa nyumbani mwetu aliyebaki mahali tulipoanzia.

Hatusemi haya kwa kuwahukumu ninyi. Hatia hii ni yetu pia. Wakati mmoja tulikwenda kufanya maombi katika nyumba ya mkristo mwenzetu. Tulikaribishwa chai na mandazi, tukaimba, tukasoma Neno. Katikati ya maombi tulisikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Mama wa nyumba akasema kwa haraka, "Ni mtoto tu." Tulimaliza kuomba, tukaaga, tukaenda zetu. Tuliombea ng'ombe, tukaombea mitihani, wala hatukuuliza jina la mtoto yule.

Usiku ule hatukuwa na amani. Juma lililofuata tulirudi. Mama alisita kidogo, kisha akafungua mlango. Alikuwamo mvulana wa miaka 11, miguu yake imekauka, na macho yake yakatufuata tulivyoingia. Tulikaa chini karibu naye, tukamwuliza jina lake, na kaka yake akatujibu kwa niaba yake. Kaka huyo ndiye anayemleta kanisani sasa kila Jumapili, kwa mkokoteni wa kuchotea maji, uliotandikwa blanketi. Siku za mvua hufika wakiwa na matope mpaka kiunoni, nasi tumekwisha kuimba wimbo wa pili. Hatujawahi kuwaambia kwamba wamechelewa.

Musa aliwakumbusha Waisraeli, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa kwanza, ya kwamba Mungu aliwabeba jangwani kama vile mtu abebavyo mwanawe. Hakuna hata mmoja wetu aliyefika hapa kwa miguu yake tu. Tukijua hivyo, hatutaona haya kumsukuma mtu mwingine.

Kabla jua halijatua leo, ulizeni nyumbani mwenu na kwa majirani: yuko nani katika chumba cha nyuma? Mtembeleeni, mkamwulize jina lake.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uliyetubeba tulipokuwa hatujiwezi, utusamehe kwa wale tuliowaacha nyuma. Utupe mikono ya kusukuma na moyo wa kungoja, hata tufike kwako pamoja. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.