Daftari Lililofungiwa Ndani ya Kompyuta

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Eldoret)



Tumeombwa tuwaeleze habari za vijana wanaoandika programu za kompyuta hapa Eldoret, ambao hukutana Jumamosi moja kila mwezi kusikiliza mazungumzo. Sisi maofisa watatu wa kikundi cha upande wa Moiben tumehudhuria mara nne sasa. Najua mnajiuliza, watu wa mahindi na maziwa walitafuta nini huko? Kusema kweli hatukwenda kwa hiari. Shida ndiyo iliyotupeleka.

Mwaka wa 2023 mtu mmoja alitujia na kompyuta ndogo, akatuambia daftari limepitwa na wakati, atatuwekea hesabu zote za hisa na mikopo kwenye programu yake. Tukalipa. Tukafurahi pia, maana kila mwisho wa mwezi alituletea karatasi safi iliyopigwa chapa, na mwekahazina wetu akaacha kuandika. Hapo ndipo tulipokosea. Baada ya miezi minane simu yake ikawa haipatikani, na programu ikaanza kudai neno la siri ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupewa. Hesabu zetu zilikuwa mle ndani, sisi wenyewe tuko nje.

Wanachama waliokuwa wakilipa kwa M-Pesa walipona, kwa sababu mtu anaweza kuitisha taarifa yake ya M-Pesa hata kama amefuta jumbe zote simuni. Lakini mama mmoja, mjane, alikuwa amemaliza mkopo wake kwa noti, mkononi, katika mkutano. Karatasi ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi uliotangulia, nayo ilionyesha bado anadaiwa shilingi elfu nane. Jameni, tulimwambia alipe tena. Tulimwambia hivyo mbele ya watu. Wanawake watatu walioketi naye benchi moja siku ile wakasimama wakasema, tulimwona akizihesabu zile pesa. Kamati, yaani sisi hawa mnaotuona, ikajibu kwamba kikundi huenda kwa maandishi.

Maandishi gani? Sisi ndio tuliokuwa tumeyapoteza.

Mpwa wa mmoja wetu ndiye aliyesema, njooni mkutanoni kwetu mkawaulize wanaojua.

Msidhani ni darasa. Ni chumba cha kawaida, viti vya plastiki, picha ya kompyuta inarushwa ukutani, na vijana wa kike kwa wa kiume wamebanana. Mmoja husimama akaonyesha kazi aliyoiandika. Kuandika programu, kwa lugha yetu, ni kuipa kompyuta maagizo hatua kwa hatua, kama unavyomwagiza mtoto anayeenda kusagisha mahindi kwa mara ya kwanza: ukisahau kumwambia arudi, atabaki huko huko kwenye mashine. Jambo lililotugusa ni kwamba anayesimama huonyesha hata palipomshinda. "Hapa programu yangu ilikufa," anasema, na wenzake hawamcheki, wanamuuliza maswali. Hebu tuambiane ukweli. Katika vikundi vyetu ni mwekahazina gani amewahi kusimama akasema, hapa hesabu zangu zimekataa? Tungemng'oa kabla hajaketi.

Lawama yetu kwao ni moja. Kiingereza kilikuwa kingi mno. Tulipoomba Kiswahili walijaribu, wakakwama njiani, wakacheka, lakini mwezi uliofuata msemaji alikuwa amejiandaa.

Msemaji huyo alikuwa binti, naye alieleza habari ambayo sisi tuliozaliwa huku hatukuwa tunaijua. Mosoriot mnaijua, ile ya barabara ya Kapsabet. Mwaka wa 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kiliwekewa rejista ya wagonjwa ya kompyuta, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Zilikuwa kompyuta mbili tu zilizounganishwa, na betri za nguvu za jua kwa ajili ya siku stima inapopotea. Watafiti walipopima waliona muda wa mgonjwa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Lakini waliwapima na wafanyakazi, wakaona hao nao wamepata muda zaidi wa kushughulikia mambo yao wenyewe! Tulicheka sana hapo, kisha mwekahazina wetu akanyamaza ghafla, kwani alikumbuka alichofanya yeye na muda wake tulipomwondolea daftari.

Rejista ile ya Mosoriot ilikuwa imeandikwa kwa Microsoft Access, ambayo inafaa kazi ndogo. Mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya ukimwi ulipoenea kutoka Eldoret hadi vituo vingine, wagonjwa wakawa maelfu. Na mgonjwa wa dawa za kila siku si kama mwenye homa. Asipofika tarehe yake, ni lazima mtu aone na amfuate. Rejista ikaanza kulemewa. Mwaka wa 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikuja hapa wakaona kutia viraka hakutasaidia. Wakishirikiana na wenzao wa Partners In Health walianzisha programu mpya, OpenMRS, na mahali pa kwanza ilipowashwa ni hapa hapa Eldoret, Februari 2006. Rwanda ikafuata mwaka huo huo. Leo inatumika katika nchi nyingi, na vijana wetu ni miongoni mwa wanaoitengeneza. Mji tuliouita Sisibo, kwa ajili ya shamba namba 64, ambao tangu Agosti 2024 ni jiji, kumbe ulitoa kitu kama hicho nasi tuko sokoni tunauza sukuma!

Sasa sikilizeni hili. Binti alisema OpenMRS ni programu huria. Maana yake, maagizo yake yako wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kulipia leseni. Aliyeyaandika akiondoka, mwingine anafungua, anasoma, anaendelea. Halafu akaongeza kwamba kwa miaka mingi wahudumu wa kliniki hizo walijaza fomu za karatasi kwanza, na karani ndiye aliyeingiza kwenye kompyuta.

Tukatazamana. Mwenyekiti wetu akainua mkono, akasimulia habari ya mjane, yote, pamoja na aibu yetu.

Hakuna aliyetucheka. Wakatuuliza: Wazazi, neno la siri lilikuwa mkononi mwa nani? Mlikuwa na uwezo wa kutoa hesabu zenu siku yoyote mkazifungua kwenye programu nyingine? Na mliandikiana naye itakuwaje akiondoka? Tulijibu hapana mara tatu. Mmoja akatueleza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa kila mtu haki ya kuona habari zake zinazohifadhiwa na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kwamba anayechukua nambari zetu za vitambulisho na za simu hawezi kuzifanyia apendavyo. Ni vizuri kujua hivyo, ingawa sheria haimfufui mtu ambaye simu yake haipatikani.

Mmoja wao alibisha. Alisema, "Wazazi, msirudi kwa daftari peke yake. Daftari nalo huungua." Chumba kilinyamaza. Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa hapa ni vitabu gani, ni vyeti gani na hati gani za mashamba zilizoungua pamoja na nyumba mapema mwaka wa 2008. Kijana akasema hizo ndizo siku ambazo Wakenya wachache walikusanyika kupitia intaneti, wengine wakiwa ng'ambo, wakaandika programu ya Ushahidi kwa siku chache tu, ili aliyeona jambo atume habari na iwekwe kwenye ramani. Mwaka wa 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Jina lenyewe ni la Kiswahili. Sisi tuliosikia ushahidi wa wanawake watatu tukaukataa hatukujua tutazame wapi.

Tuliporudi nyumbani tulinunua daftari kubwa na kitabu cha risiti chenye nakala. Mwanachama akilipa, risiti moja ni yake, nakala ni ya kikundi. Mpwa yule anaingiza hesabu kwenye kompyuta kila baada ya mkutano, na faili hiyo wanayo watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Neno la siri limeandikwa katika bahasha iliyofungwa, analo katibu. Kila mkutano tunasoma salio la kila mtu kwa sauti. Inachukua karibu nusu saa na wengine wananung'unika, lakini mwezi wa pili tu bwana mmoja alisimama akasema, hapo mmenipunguzia mia tano. Alikuwa amesema kweli.

Deni la mama tulilifuta, tukaandika kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza, kwamba alikuwa amelipa na kwamba kamati ilikosea. Tulitia sahihi sote watatu. Yeye mwenyewe bado hajarudi kikundini. Tumemtumia habari mara mbili, akajibu kwa heshima kwamba ana kazi nyingi shambani. Jumapili hii tutakwenda kwake sisi wenyewe, na daftari mkononi, pamoja na wale wanawake watatu.