Jazba Si Tusi: Tulipime Neno Hili



Liko neno moja ambalo halikosekani katika mikutano yetu. Mtu akisimama kudai malisho au maji, na sauti yake ikapanda, huambiwa: "Ndugu, punguza jazba." Mara nyingi huketi, na hoja yake huketi pamoja naye. Kwa hiyo yafaa tulipime neno lenyewe.

Jazba limetufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuvuta. Masufi walilitumia kueleza hali ya mja anayevutwa kwa Mungu hata akajisahau. Katika Kiswahili cha leo ni hisia kali zinazomtawala mtu na kumtoka bila kizuizi. Hakuna mahali neno hili linaposema kwamba hisia hizo ni za uongo, wala kwamba mwenye nazo hana haki.

Tena tusilichanganye na jamaa zake. Hamaki ni hasira ya ghafla. Mori ni ghadhabu ya kupigana. Hamasa ni ari inayowasukuma watu kutenda. Jazba yaweza kuzaa lolote kati ya hayo; kinachotenganisha ni utaratibu.

Utaratibu huo si mgeni kwetu. Kwa Wabarabaig, mwanamke akidhulumiwa, wanawake hukutana katika baraza lao, girgwageda gademga, na mwanamume aliyekosa huweza kutozwa faini ya ng'ombe. Hapo uchungu hauzimwi, bali hupewa mahali pa kusemewa na uwezo wa kuamua.

Tukumbuke pia kisa cha Mulbadaw, humu humu wilayani Hanang. Wanakijiji walipodai kwamba ardhi yao imechukuliwa kwa mashamba ya ngano ya NAFCO, walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema kwamba haki yao katika ardhi ile haikuthibitishwa. Uchungu wa mfugaji aliyenyimwa malisho ulikuwa wa kweli, lakini mahakamani kilichopimwa ni ushahidi. Jazba huonyesha panapouma. Haiwezi peke yake kuonyesha mpaka wa shamba.

Basi, ndugu zangu, kila upande una wajibu wake. Msemaji aje na uchungu wake, lakini aje pia na tarehe, majina ya vilima na mito, na wazee walioshuhudia. Naye mwenyekiti, kabla ya kumwambia mtu apunguze jazba, kwanza ajibu hoja yake. Kiongozi anayetaja sauti ya mwananchi na kuliacha swali lake hajatuliza mkutano. Ameahirisha ugomvi tu, na ugomvi ulioahirishwa hurudi ukiwa na fimbo mkononi.