Muuguzi Mpya na Kazi Yake ya Kwanza

(Nasaha iliyotolewa mbele ya waumini, Singida)

 



Katika misikiti yetu limezoeleka lalamiko moja. Mtu humpeleka mkewe kujifungua, kisha hurudi akisikitika kwamba aliyemhudumia ni mwanamume. Lalamiko hilo lina msingi katika dini. Lakini mlalamikaji huyo huyo, binti yake anapohitimu uuguzi na kupangiwa zahanati ya mbali huko Mkalama au Itigi, humwambia: "Baki nyumbani, kazi hiyo haikufai." Tunauliza: huyo mkunga wa kike tunayemtaka atatoka wapi, ikiwa kila mzazi atamfungia wa kwake ndani?

Ndugu zetu, elimu ya tiba na uuguzi wanazuoni wameihesabu kuwa ni fardhi kifaya. Wakitosha wa kuisimamia, dhima imetuondokea. Wasipotosha, sote tuna dhambi. Na wanawake wa Kiislamu hawakuanza leo. Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliagiza apelekwe kwenye hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwatibu majeruhi.

Haja hiyo ingalipo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria kuwa walikufa kina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000 hapa Tanzania. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha 104. Ni hatua kubwa ya kumshukuru Allah, na wakunga wana sehemu yao katika hatua hiyo. Lakini hao 104 nao ni wake za watu na mama za watoto.

Basi binti au kijana aliyehitimu achague vipi kazi ya kwanza? Tunataja mambo manne.

Jambo la kwanza ni amana. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kila muuguzi asajiliwe na awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwenye duka la dawa au zahanati binafsi akikwambia, "Anza tu, leseni itakuja baadaye," huyo anakuingiza katika khiana kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Muepuke, hata kama ahadi zake ni tamu.

Jambo la pili ni mwajiri. Vijana wengi wanatuuliza: je, inafaa kufanya kazi katika hospitali za makanisa? Mkoa wetu unazo, nazo zinajulikana: Mtakatifu Gaspar kule Itigi, Makiungu, na Iambi ya Walutheri. Jibu wanalolitoa wanazuoni linatokana na kisa cha Khabbab bin al-Aratt (r.a.). Alikuwa mhunzi Makka, akamfanyia kazi al-As bin Wail, naye ni mshirikina. Alipodai ujira wake, akaambiwa hatalipwa mpaka amkanushe Muhammad (s.a.w.). Khabbab akakataa. Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kumfanyia kazi asiye Muislamu kunajuzu, maadamu kazi yenyewe ni halali. Na kuhudumia mgonjwa ni halali na ni ibada kwa mwenye nia. Lakini dini haiwekwi rehani kwa sababu ya ujira. Kwa hiyo ulizeni kwa adabu kabla ya kusaini: nafasi ya swala ikoje, na vazi la stara linakubalika?

Jambo la tatu, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi, ni mwalimu. Muuguzi mpya ana cheti, lakini mikono yake bado inajifunza. Wengi huuliza mshahara ni kiasi gani, wasiulize watafanya kazi chini ya nani. Nasaha yetu ni hii: ukipewa hiari, chagua mahali penye muuguzi mzoefu wa kukuelekeza, hata kama malipo ni pungufu kidogo. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni katika sababu kubwa za vifo vya wazazi, na damu haimsubiri mtu apekue daftari la chuoni. Uliza waziwazi: "Usiku mama akitokwa na damu, nitamwita nani, na gari litatoka wapi?" Siku hizi upo mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu kwa namba 115, jua kama kituo chako kinautumia.

Na ukipangiwa moja kwa moja zahanati ya kijijini, usikimbie. Tangu mwaka 2007 Serikali ilipoweka mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo yameongezeka, lakini jengo halizalishi mama. Omba kwa viongozi wa afya wa wilaya ukae kwanza majuma machache katika wodi ya wazazi ya hospitali, kisha uende.

Jambo la nne ni mkataba. Nabii Musa (a.s.) alipoajiriwa Madyan, binti wa yule mzee alimsifu kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Kisha masharti yakawekwa wazi: miaka 8, na kutimiza 10 ni hiari yake. Hata anayejitolea hospitalini akisubiri ajira aandikiwe muda, zamu na posho. Kujitolea ni wema; kutumikishwa miaka bila mwisho ni dhulma. Baada ya hayo yote, shaurianeni na wazazi, na swalini istikhara.

Sasa tunarudi kwenu, wazee wa misikiti. Hofu ya mzazi juu ya binti kuishi peke yake ugenini tunaielewa, na hukumu ya safari na mahram inajulikana. Lakini hofu hiyo dawa yake iko mikononi mwetu. Baba au kaka amsindikize mpaka kituoni. Jamaa ya msikiti wa pale imtafutie chumba katika nyumba ya familia ya kuaminika, na wake zetu wamtembelee anapotoka zamu ya usiku. Mtu ameuza magunia ya alizeti miaka mitatu kulipa ada ya chuo; je, sisi tushindwe kutafuta chumba kimoja?

Tunapendekeza kila msikiti katika mkoa huu uwe na orodha ya wahitimu wake wa afya na mahali walipo. Tusiposimama nao, basi tukifika na wake zetu mlango wa leba, tusimlaumu yeyote tutakayemkuta ndani.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu riziki ya halali, mikono yenye uponyaji kwa idhini Yake, na awalinde popote watakapopangiwa. Wabillahi tawfiq.