PICHA ZA MASANDUKUNI ZIPATE MAJINA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Kariakoo, Dar es Salaam)



Nimetakiwa nizungumze juu ya kazi ya kukusanya picha za zamani katika mitaa yetu. Najua wako waliocheka walipoisikia. Chama kina mambo mazito, wamesema, na picha ni pambo la ukutani. Nawaomba na wao wanisikilize.

Zama za Wajerumani walikuja wapiga picha na kamera zao za miguu mitatu. Mmoja wao, Walther Dobbertin, alipiga picha nyingi katika nchi hii, na leo zimo katika hifadhi ya serikali ya Ujerumani. Wapo watu wetu katika picha za zama zile: askari, wapagazi, wanawake sokoni, wawindaji. Lakini tazameni maandishi chini ya picha. Bwana aliyekalia kiti ana jina na cheo. Aliyembebea bunduki na kumwonyesha tembo alipo ameandikwa "boi", au hakuandikwa kabisa. Alionekana, wala hakujulikana.

Sisi wa Kariakoo twalielewa jambo hili kuliko wengine. Jina la mtaa wetu latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokusanywa na Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kikosi kimeacha jina lake juu ya soko na mitaa, lakini wapagazi wenyewe ni wangapi tunaoweza kuwataja?

Wakoloni tumewasema. Sasa tujiseme na sisi.

Picha ya waasisi wa TANU wa tarehe 7 Julai 1954 yajulikana, na majina yao 17 yamo vitabuni. Vizuri sana. Katika hao 17 hamna mwanamke hata mmoja. Lakini ilipofika Oktoba 1955, Bibi Titi Mohamed na wenzake walikuwa wamekwisha andikisha wanawake wapatao 5,000. Waliwapata kwa kupita nyumba kwa nyumba na kwa kupitia vyama vya ngoma, lelemama na vinginevyo. Wanawake hao wako wapi katika picha zetu? Wapo nyuma ya umati, kanga zao zaonekana, na chini pameandikwa "wananchi wakishangilia". Basi na sisi tumeandika "boi" kwa namna yetu! Alikuja Mmarekani, Susan Geiger, akaanza mwaka 1984 kuwauliza akina mama wa TANU habari zao, akatoa kitabu mwaka 1997. Namshukuru. Lakini bibi zetu walikuwa wamekaa barazani miaka yote ile, na sisi tulikuwa tunapita tukiwaamkia tu.

Liko na jambo la pili, nalo nalisema waziwazi. Nimesikia mtu akishauri kwamba picha za waliogombana na chama ziwekwe kando. Nakataa. Bibi Titi alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiliwa mwaka 1972. Leo barabara kubwa ya mji huu yaitwa kwa jina lake. Oscar Kambona aliondoka nchini mwaka 1967 asirudi hadi 1992. Aliyeteremsha picha ukutani katika siku hizo simlaumu, maana hofu ni hofu. Lakini mtu asiingie katika kazi hii na mkasi mfukoni. Aliyekuwapo alikuwapo.

Namna ya kufanya si ngumu. Usichukue picha ya mtu ukaondoka nayo. Mjane ana hiyo moja tu, na ameikunja katika kanga pamoja na cheti cha ndoa. Ipige kwa simu hapo hapo mbele yake, umwachie yake. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli, taratibu, kwa kuwa wino hupenya hata usoni. Usibandike kwa gundi. Usiweke juu ya dari chini ya bati, kwani joto, mchwa na mende havina heshima kwa mpigania uhuru.

Kisha uliza, na usiwe na haraka. Usianze na viongozi. Mwulize mzee koti lile lilikuwa la nani, maana mara nyingi lilikuwa la studio, la kuazima, na akianza kucheka juu ya koti atakukumbusha na fundi aliyelishona, na mwenye duka, na nani alimlipia picha. Uliza nani hayumo, na kwa nini. Wazee wawili wakibishana, andika maneno ya wote wawili, usiwe hakimu.

Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1954 wamepita 90 sasa. Kila tunapozika mmoja, nyuso kadhaa katika masanduku yetu huwa zimepoteza mtu wa mwisho wa kuzitambua.

Katibu ana daftari na penseli pale mezani. Anayejua nyumba yenye picha, na hasa yenye mzee wa kuzisemea, aandikishe kabla hatujatawanyika. Tutaanza na wagonjwa.